Mtukuru Haujui Saa Kumi

Shemeji yangu wa Dar es Salaam siku hizi hanywi bia, anaionja. Anainusa kwanza, anainua glasi usawa wa taa, anafumba macho, kisha anatutajia anachokikuta mle ndani: ganda la chungwa, kahawa, asali iliyoungua, na siku moja alitaja ngozi ya kiatu. Anasema hiyo ndiyo bia ya krafti, ile anayopika fundi kidogokidogo kwa mkono wake, na kwamba Safari na Kilimanjaro tulizozoea ni maji ya kiwandani tu. Sina ugomvi na ulimi wa mtu. Ila aliponiambia kwamba Nairobi wana 254 Brewing, Waganda wana Banange, na sisi Watanzania tumeachwa nyuma, nilimjibu afunge begi, apande basi la Mwanza, ashuke Misigiri, kwetu Singida. Nitampokea hapo, nimpeleke Ulemo, akawaone hao walioachwa nyuma.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba shemeji ni Mchaga. Mtoto wa watu wanaochanganya ndizi na kimea cha ulezi wakapata mbege anakwenda kufundishwa ufundi wa pombe na mtu aliyejifunza mtandaoni! Nchi hii imejaa krafti. Iringa mwanzi unakatwa ncha wakati wa mvua, ulanzi unadondoka wenyewe. Kagera wana rubisi ya ndizi na mtama. Pwani mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni. Wenye mizinga wana wanzuki. Na sisi Singida tuna mtukuru.

Mtukuru ni kazi ya akina mama, na kazi yenyewe haina mzaha. Mtama au uwele unalowekwa, unafunikwa hadi uote, unaanikwa, unasagwa, hicho ndicho kimea. Unga unapikwa kwenye pipa, unapoa, kimea kinaingia, mambo yanaanza kuchemka bila moto. Mimi ni mtu wa uwele. Mtama nauheshimu, lakini uwele una utamu fulani wa chinichini ambao haujitangazi. Na nina saa yangu: siku ya kwanza bado ni uji wa watoto, siku ya tatu unaweza kusugulia sufuria. Mtukuru wangu ni wa siku ya pili, asubuhi, povu likiwa bado linapanda ukingoni na kibuyu kikiwa na ubaridi wa usiku.

Hapo kwenye neno asubuhi ndipo mimi na Jamhuri tunapokosana.

Tuna Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, Sura ya 77 kwa wanaopenda namba. Saa zake tunazijua kwa moyo, maana kila mkuu wa wilaya anayeripoti kazini huanza kwa kutukumbusha: siku za kazi, kunywa ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Mwisho wa wiki kamba inalegezwa kidogo. Kwa bia ya chupa, hiyo ni sheria nyepesi kabisa. Bia ya chupa imechujwa, imepashwa moto hadi chachu yote ikafa, imetiwa hopsi za kuzuia uchachu, na tangu mwaka 2019 ina stempu ya kielektroniki ya TRA inayoonyesha ilikotoka. Ukiiambia ikusubiri hadi saa 10 inasubiri. Ukiiambia isubiri hadi Krismasi, pia inasubiri. Mtukuru una wadudu hai ndani yake, na wadudu hao hawajasomewa Sura ya 77. Wanafanya kazi usiku kucha, asubuhi wamefikia kilele, na kufika jioni wameshavuka ng'ambo wanatengeneza siki.

Shemeji alifika Jumanne, saa 5 asubuhi. Nikampeleka moja kwa moja kwa mama mmoja ambaye mkono wake naujua hata nikifumbwa macho. Tulipofika, harufu ilitupokea kabla ya mwenyeji. Mlango wa kilabu ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na nyuma ya mlango tulisikia kabisa mapipa yanaguna.

"Karibuni, shemeji," mama akasema huku akipepeta mchele wake. "Ni saa 10."

"Mama, huyu ametoka Dar."

"Hata angetoka Ulaya, baba. Saa 10."

Tukakaa chini ya mwarobaini. Tulikuta pale wazee watatu, kila mmoja na sababu yake. Wa kwanza alikuwa anapumzika. Wa pili alikuwa anamngoja wa kwanza amalize kupumzika. Wa tatu alisema anaangalia mawingu, na ilikuwa mwezi wa saba, mwezi ambao Singida haijawahi kuona hata wingu la kukopa. Shemeji akauliza kama hakuna njia nyingine. Wazee wakatazamana. Yule wa mawingu akakohoa na kusema kwamba nyuma, kwa jirani, kuna togwa.

Msomaji wa mjini huenda hajui, kwa hiyo nieleze: togwa ni kinywaji kitamu cha nafaka na kimea ambacho hakijawa pombe, hata mtoto anapewa, na sheria haina neno nacho. Lakini kati ya togwa na mtukuru hakuna ukuta. Ukisinzia kidogo umeshavuka mpaka. Tukahamia kwa jirani, tukaketi, tukaletewa togwa iliyokuwa imesinzia sana. Baada ya muda mgambo akapita na kirungu chake.

"Mnakunywa nini, wazee?"

"Togwa, afande."

Mgambo akatutazama mmoja mmoja. "Togwa gani inayomfanya mzee huyu aimbe?"

Kwa heshima ya mzee sitaeleza wimbo wenyewe ulikuwa upi. Kibuyu kilimwagwa, tukaonywa, tukarudi chini ya mwarobaini kama wanafunzi waliotolewa darasani. Na kwa sababu Jumanne ile ilikuwa imekusudia kutukomesha, saa 10 ilipofika mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Tuliingia kilabuni saa 12 kasoro, giza likiwa linakaribia, mtukuru ukiwa umepita ujana wake zamani.

Nilionja mara moja nikataka kuomba radhi kwa niaba ya mkoa mzima. Ulikuwa mkali wa kukunja uso. Shemeji akaunusa. Akainua kibuyu usawa wa koroboi, jambo lisilosaidia kitu, maana mtukuru ni mzito na haupitishi mwanga hata wa jua la mchana. Akafumba macho. Kilabu kizima kikanyamaza.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu aliyeokoka, "hii ni sawa!"

Akatueleza kwamba huko Ubelgiji, karibu na mji wa Brussels, kuna bia inaitwa lambic, ambayo mafundi wanaiacha wazi usiku ichachushwe na wadudu wa hewani, kisha wanaiweka kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, ili iwe chachu. Watu wanasafiri kwenda kuinywa. Wanailipia fedha nyingi. Mama mwenye kilabu alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kiuno, kisha akauliza swali ambalo shemeji hakuweza kulijibu: hao Wabelgiji, nguruwe wao wanakula nini? Kwetu mtukuru ukifikia hapo unapelekwa bandani.

Shemeji akaamua kuondoka na lita 10. Mama akamwambia: dumu usilifunge, lilegeze kifuniko, pombe inapumua. Mimi nikamwambia. Wazee wote watatu wakamwambia, tena yule wa mawingu akamwonyesha kwa mikono. Lakini kesho yake Misigiri, kondakta akatangaza kwamba mzigo wowote unaovuja haupandi gari lake, na shemeji, ambaye anamwogopa kondakta kuliko fizikia, akakaza kifuniko kwa nguvu zote za Kilimanjaro.

Nilikuwa ninaelekea Dodoma kwa shughuli zangu, kwa hiyo nilishuhudia. Hadi Singida mjini dumu lilikuwa limetuna mbavu. Jua lilikuwa kali, barabara ina matuta. Tulipoacha mji nyuma nilimgusa bega nikamwambia alitazame, akasema tukifika kituo kinachofuata. Hatukufika. Mlio wake ulikuwa kama wa tairi, na dereva alidhani ni tairi kweli, akafunga breki. Kifuniko kilipiga dari. Kilichofuata kiliwakuta wanakwaya waliokuwa wanakwenda kwenye mkutano wa injili, wamevaa sare nyeupe. Sare zikageuka rangi ya uji. Mwalimu wao wa kwaya alijipangusa miwani, akalamba kidole bila kukusudia, akakaa kimya kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kabla hatujamaliza kuomba radhi, trafiki akasimamisha gari. Alipanda ngazi mbili, akavuta pumzi, akashuka. Dereva wetu, mtu wa swala tano ambaye sidhani kama amewahi kugusa hata kiroba, alitakiwa apulize kipima ulevi. Akapuliza huku akimtazama shemeji kwa macho ambayo sitayasahau. Kipimo kikasoma sifuri. Trafiki hakuamini, akampulizisha tena.

Sasa, nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa kutaka kila mlango uwe wazi. Gongo sitetei, ile Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inayoidhibiti na ibaki pale pale, maana anayekunywa gongo ya kificho hajui kama leo ameuziwa kileo au sumu. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 nilishangilia, kwa sababu vilikuwa vinaingia hadi mifuko ya sare za shule. Mwaka wa njaa, wakubwa wakisema mtama uliobaki usipikiwe pombe, nakaa kimya na kiu yangu. Na ukitaka kujifariji, tazama jirani: Wakenya, kwa sheria yao ya mwaka 2010 wanayoiita ya Mututho, siku za kazi baa zinafunguliwa saa 11 jioni. Sisi tumewazidi saa nzima.

Lakini sheria yetu imetungwa na mtu aliyekuwa anaitazama chupa. Leseni yake, saa zake, na sasa hata stempu, vyote vinafaa kitu chenye kizibo. Kibuyu hakina pa kubandika stempu. Matokeo yake mama anayepika kitu chepesi, cha nafaka ya shamba lake, anatakiwa akifiche pale kinapofaa kunywewa na akiuze pale kinapofaa nguruwe. Wakati huohuo wanywaji wake wanageuka watazama mawingu. Wala hoja ya kwamba watu waende shambani kwanza hainishindi: mwezi wa saba alizeti imeshavunwa, na mwezi wa kwanza, wakati wa palizi, ningekuwa wa kwanza kumfukuza mzee yeyote chini ya mwarobaini.

Anayejua tofauti ya miezi hiyo miwili ni kijiji chenyewe. Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982. Namwomba mbunge yeyote atakayeigusa Sheria ya Vileo pale Dodoma aongeze kifungu kimoja tu: kilabu cha pombe ya nafaka kifunguliwe kwa saa zitakazopangwa na kijiji husika kulingana na msimu.