Katika Kuisifu Hitilafu ya Kumbukumbu

Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi, na mapokeo ya pwani yanamnasibishia Fumo Liyongo tumbuizo la kuusifu uta wake, lakini hitilafu ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kiendeshi cha kifaa, ambayo imewanyima watu usingizi kuliko nzi yeyote na kuiangusha mitambo ambayo uta usingeweza hata kuikwaruza, haijatungiwa ubeti mmoja. Wanaoitaja huitaja kwa laana, wanaoisababisha huikana, na wanaoirekebisha hufanya hivyo upesi, wakitumaini kwamba hakuna atakayeuliza imekaa humo tangu lini. Dhuluma hii huzidi kuwa kubwa ikikumbukwa kwamba ulimwengu wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake umeachwa wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na kuusambaza, umejengwa juu ya ahadi ambayo hitilafu hii ndiyo inayoitimiza. Ahadi hiyo, iliyoenezwa na Eric Raymond mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuhusishwa na jina la Linus Torvalds, inasema kwamba macho yakiwa mengi ya kutosha, kila kosa huwa jepesi kuonekana. Kisichosemwa ni kwamba macho hayo hayafumbuki yenyewe. Msimbo wa kiendeshi cha kadi ya mtandao uko wazi kwa ulimwengu mzima, na karibu ulimwengu mzima haujaufungua. Wanaoufungua ni wale walioitwa na hitilafu.

Ili ukuu wake ueleweke, yafaa kwanza yaelezwe makazi yake. Kiendeshi ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa fulani, kiwe kadi ya mtandao, kamera au kipanya, na kazi yake ni kuyageuza maombi ya jumla ya mfumo yawe amri mahususi ambazo kifaa hicho kinazielewa. Katika Linux, mfumo ambao Torvalds aliutangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, viendeshi huchukua zaidi ya nusu ya msimbo wa kerneli, yaani kiini kinachotawala kumbukumbu, prosesa na vifaa, na vingi kati yake hufanya kazi humo humo kiini, kwa mamlaka yake yote. Programu ya kawaida ikikosea huuawa peke yake, lakini kiendeshi kikikosea hukosea kwa niaba ya dola nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, bila shaka pasipo kukusudia, waliipima methali hiyo kwa tarakimu mwaka 2001 walipoonyesha kwamba, kwa baadhi ya aina za makosa, kiwango cha makosa katika viendeshi kilikuwa mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za kerneli.

Bafa, kwa upande wake, ni kipande cha kumbukumbu kilichotengwa ili kipokee data inayopita kati ya kifaa na mfumo. Lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliiunda katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo viendeshi vingi mno bado huandikwa kwayo, haimuulizi mwandishi kama ana uhakika na mipaka ya bafa yake. Bafa yenye nafasi 64, zinazohesabiwa kuanzia 0, huishia nafasi ya 63. Anayeandika alama ya "ndogo kuliko au sawa na" mahali palipostahili "ndogo kuliko" huweka baiti moja katika nafasi ya 64, ambayo ni mali ya mwingine, na C huitekeleza amri hiyo kwa adabu kamili. Huko ndiko kufurika kwa bafa, na ndugu zake ni matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, kuiachilia mara mbili kumbukumbu ile ile, na uvujaji, ambapo kumbukumbu hutengwa kisha ikasahauliwa, tena na tena, hadi mashine inaishiwa.

Katika kumsifu mkubwa, nasaba hutangulia. Kufurika kwa bafa kuliingia katika historia ya umma tarehe 2 Novemba 1988, pale Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alipoiachia kwenye Intaneti programu iliyojisambaza yenyewe, ambayo mojawapo ya njia zake ilikuwa kuipelekea huduma iitwayo fingerd maneno ya baiti 536 ilhali bafa ya kuyapokea ilikuwa na baiti 512. Baiti 24 za ziada zilitosha. Huduma hiyo iliyasoma maneno kwa kutumia gets, amri ya maktaba ya C ambayo haina hata mahali pa kuelezwa ukubwa wa bafa, na heshima iliyopewa amri hiyo baada ya mkasa haina mfano, kwa kuwa iliendelea kuwemo katika kiwango rasmi cha lugha hadi kile cha mwaka 2011 kilipoiondoa. Ni mawaziri wachache waliobaki madarakani miaka 23 baada ya kashfa ya namna hiyo.

Fadhila yake ya kwanza ni kuamini. Kifaa cha USB kinapochomekwa hujitambulisha kwa maelezo mafupi, kikitaja ni cha aina gani, kina njia ngapi za data na kila ripoti yake ina urefu gani, na kiendeshi chenye hitilafu huyapokea maelezo hayo bila kuyapima: kifaa kikisema ripoti yake ina baiti 200, basi baiti 200 hunakiliwa, ingawa bafa ilitengewa 64. Wataalamu wa usalama huuona hapo uzembe, kwa sababu kifaa cha bei nafuu kilichopangwa upya kinaweza kusema uongo wowote. Hata hivyo, katika zama ambazo hakuna anayeaminiwa bila nenosiri, alama ya kidole na ujumbe wa simu, palistahili pabaki mahali pamoja ambapo neno la mgeni linatosha.

Fadhila ya pili ni subira. Kiendeshi kiitwacho n_hdlc, kinachohudumia itifaki ya mawasiliano ambayo watumiaji wengi wa kompyuta hawajapata kuisikia, kilipokea mwaka 2009 badiliko lililofanya iwezekane bafa moja kuachiliwa mara mbili pale kazi mbili zinaposhindana, na hitilafu hiyo ikatulia humo hadi mwaka 2017 Alexander Popov alipoifichua. Utulivu huo haukuwa wa kujitenga, kwa maana katika mifumo mingi moduli hiyo, yaani kipande cha kerneli kinachoweza kupakiwa kinapohitajika, ilipakiwa yenyewe mara tu mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka yoyote, alipoiomba. Kisa cha VENOM, kilichotangazwa Mei 2015, kinaizidi subira hiyo. QEMU ni programu huria inayoiga kompyuta nzima, pamoja na vifaa vyake, ili mashine pepe nyingi ziweze kukaa ndani ya mashine moja ya kweli, na miongoni mwa vifaa vilivyoigwa ni kidhibiti cha flopi, ile diski laini ambayo kufikia mwaka huo ilikuwa imebaki hasa kama picha ya kitufe cha kuhifadhi. Kidhibiti hicho cha kuigiza, ambacho si kiendeshi bali ni jamaa yake wa karibu, kilikuwa na bafa ya baiti 512, na tangu mwaka 2004 baadhi ya amri zake hazikuirudisha hesabu mwanzoni, hivi kwamba aliyemo ndani ya mashine pepe aliweza kuendelea kuijaza hadi amefurika nje yake na pengine kuufikia mfumo wa mwenyeji. Lililo tamu zaidi kwa msifu ni kwamba katika baadhi ya mazingira, hata msimamizi alipoizima flopi waziwazi, kosa jingine lisilohusiana na la kwanza liliuacha msimbo huo ukiendelea kufikika. Kwa miaka 11 hapakuwa na rafiki mwaminifu zaidi wa flopi.

Kilele cha utukufu, hata hivyo, ni tukio la mwaka 2008. Toleo la 2.6.27 la kerneli lilipokuwa katika majaribio, watumiaji wa baadhi ya kadi za mtandao za Intel zinazoendeshwa na kiendeshi cha e1000e walianza kuona kadi zao zinakufa, na hazikufa kifo cha kawaida ambacho kuzima na kuwasha hukiponya, kwani kumbukumbu ya kudumu iliyomo ndani ya kadi yenyewe, inayohifadhi anwani na mipangilio yake, ilikuwa imeharibiwa. Programu ilikuwa imekijeruhi chuma. Shaka yote ilikiangukia e1000e, kikachunguzwa na wahandisi wa kampuni na wa jumuiya, marekebisho kadhaa yakafanywa, na kumbukumbu ya kadi ikawekewa kinga isiandikwe ovyo. Mkosaji, hata hivyo, hakuwa e1000e. Alikuwa ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kerneli, ambacho kilitunza orodha ya anwani za sehemu za msimbo ambazo kingerudi kuzibadilisha baadaye. Baadhi ya anwani hizo zilikuwa za msimbo wa kuanzishia moduli, ambao kumbukumbu yake huachiliwa kazi ya kuanzisha ikiisha, na eneo lile lile la anwani likaja kupewa kumbukumbu ya kadi ya mtandao.

Hapo ndipo ustadi wa hitilafu unapostahili kusimama na kutazamwa. Mwandishi wa ftrace hakuwa mzembe, maana alitumia amri ya prosesa inayolinganisha kwanza yaliyomo na yanayotarajiwa, kisha ikaandika pale tu yanapolingana, na katika kumbukumbu ya kawaida tahadhari hiyo ingetosha. Lakini amri hiyo hufanya mzunguko wa kuandika hata ulinganisho unaposhindwa, ikirudisha kile kile ilichokisoma, jambo ambalo kumbukumbu ya kawaida hailihisi ilhali kifaa hulichukua kuwa amri. Tahadhari yenyewe ndiyo iliyoua. Toleo la 2.6.27.1 lilikizima kipengele hicho cha ftrace mwezi Oktoba, na kiendeshi kisicho na hatia kikabaki kimesomwa, kimehakikiwa na kukingwa kuliko vingi vyenye hatia. Hakuna kamati ingeweza kuamuru usomaji wa kina namna hiyo.

Mkubwa hujulikana pia kwa walinzi anaowekewa. Kumbukumbu iliyoachiliwa, ambayo kielekezi cha zamani, yaani thamani inayotunza anwani yake, bado kinaishika mithili ya mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo, huweza katika hali ya uchunguzi kujazwa thamani ya 6b, na fundi mzoefu akiiona 6b ikijirudia katika ripoti ya kuanguka kwa mfumo hahitaji kuambiwa zaidi. Mwaka 2009 ikaja kmemleak, inayoipekua kumbukumbu ikitafuta vipande ambavyo hakuna kielekezi kinachovikumbuka, na mwaka 2015 ikaja KASAN, ambayo kwa kila baiti nane za kumbukumbu huweka baiti moja ya kivuli inayoeleza zipi zinaruhusiwa kuguswa, ikimaanisha kwamba sehemu moja ya nane ya kumbukumbu hutolewa kafara kwa ajili ya kuichunga iliyobaki. Kuna pia syzkaller, iliyoanzia Google, ambayo huitupia kerneli maombi ya kubahatisha usiku na mchana ili kuona lipi litaiangusha.

Kuhusu marekebisho yenyewe, kiraka, yaani badiliko linalotumwa ili liunganishwe na msimbo mkuu, mara nyingi huwa mstari mmoja au miwili: alama ya usawa huondolewa, au urefu hupimwa kabla ya kunakili. Maelezo yanayokiambata huwa marefu kuliko chenyewe, na chini yake huwekwa mstari wa Fixes unaolitaja badiliko lililoizaa hitilafu, hivyo kwamba siku yake ya kuzaliwa na mzazi wake hubaki katika kumbukumbu rasmi kwa uaminifu ambao watoto wengi wa binadamu hawajaupata. Taabu zaidi imo katika njia za kushindwa. Kiendeshi kinapoanza hutenga vitu kadhaa kwa mpangilio, na kikishindwa katika hatua ya nne lazima kivirudishe vile vitatu vya kwanza kwa mpangilio wa kinyume, katika msimbo ambao karibu haujaribiwi kamwe kwa kuwa kushindwa kwenyewe ni nadra. Mwaka 2007 uliletwa utaratibu wa devm, ambao huviachilia vitu hivyo vyenyewe kiendeshi kinapotenganishwa na kifaa, na uvujaji mwingi ukakoma. Lakini programu iliyolifungua faili la kifaa huweza kuwa bado inalishika wakati mtumiaji anakichomoa. Kumbukumbu huachiliwa kwa utiifu, kisha programu hiyo huisoma. Uvujaji umepandishwa cheo, ukawa matumizi baada ya kuachiliwa.

Wapo wanaodhani kwamba siku zake zimehesabika tangu Desemba 2022, pale toleo la 6.1 lilipofungua mlango kwa lugha ya Rust, ambayo kompaila yake, yaani programu ya kuugeuza msimbo uwe maagizo ya mashine, hukataa kuipitisha programu inayotumia kumbukumbu iliyoachiliwa. Mashabiki wa hitilafu hawana sababu ya kuvaa kaniki. Viendeshi vya C vilivyopo ni mamilioni ya mistari, na Rust yenyewe inapofika kwenye chuma hulazimika kuwa na sehemu zilizoandikwa unsafe, ambamo kompaila humwachia mwandishi dhamana. Isitoshe, vifaa vingi huandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya kompyuta bila kupitia prosesa, na hakuna kompaila yenye mamlaka juu ya kadi ambayo haijaambiwa kwamba bafa iliyopewa imekwisha kuchukuliwa. Ndani ya kadi hiyo kuna programu nyingine, inayotolewa na mtengenezaji bila msimbo wake, na humo hitilafu ile ile huishi bila mstari wa Fixes, bila KASAN na bila msomaji, ikiwa imenyimwa kila sifa iliyotajwa hapa isipokuwa subira.