Mwenyekiti wa Bomba Jekundu

Cheo chenye posho hakikosi wagombea. Uenyekiti wa kamati ya nyumba hapa Doha hauna posho wala gari, ndiyo maana wenzangu walinichagua kwa kauli moja nikiwa zamu. Taarifa ya kuapishwa kwangu niliisoma kwenye kundi la WhatsApp.

Nyumba yenyewe ni flati mtaani Najma. Yumo dereva wa teksi kutoka Kisumu, walinzi wa Jinja, mpishi wa hoteli kutoka Tanga, na sisi wengine tunaojibu "nipo ofisini" bila kufafanua. Kodi tunachanga, intaneti tunachanga, na bili ya Kahramaa, shirika la umeme na maji, tunachanga huku tukinyoosheana vidole. Raia wa Qatar hawalipi umeme na maji nyumbani kwao. Sisi wageni tunalipa, kwa hiyo rimoti ya kiyoyozi ni suala la fedha kabla ya kuwa suala la baridi. Wa zamu ya usiku analala mchana na anataka nyuzi 16. Wa zamu ya mchana hayupo, lakini bili yake ipo. Mwenyekiti, amua.

Kuitisha kikao nako ni kazi. Ijumaa ni mapumziko, lakini Waislamu wako msikitini, Wakristo wamekwenda ibadani Mesaimeer kwenye makanisa, na dereva siku hiyo ndiyo anavuna. Basi tunakaa saa tano usiku, nusu ya wajumbe wakisinzia.

Kesi iliyonizeesha ni ya maji. Mgeni hudhani shida ya jangwani ni uhaba wa maji. Maji yapo, ila Juni ikiingia, tangi la juu ya paa linapikwa na jua kutwa, na bomba la bluu linatoa maji ya kunyonyolea kuku. Wakongwe wanajua dawa yake. Unazima hita ya bafuni mapema. Mtungi wake umo ndani, kwenye ubaridi, na maji yaliyolala humo hupoa. Ukitaka kuoga maji ya baridi, fungua bomba jekundu. Mpangaji mpya tunamfundisha hilo kabla hajafungua begi.

Tatizo, mtungi unatosha watu wawili. Wa tatu anapata ya paani. Na alfajiri mlinzi anarudi, dereva anatoka, mpishi anawahi sala, wote mlangoni na taulo begani. Kisha siku moja mtu akawasha hita. Hadi leo hajapatikana. Mlinzi, ambaye siku zote huniita kaka, alitoka bafuni na povu kichwani akaita, "Bwana Mwenyekiti!" Nikajua nimekwisha.

Kikao kiliazimia kila mtu ajaze ndoo yake usiku na kuiweka sebuleni penye kiyoyozi. Muda si mrefu ndoo zikajipanga hadi mbele ya televisheni, kila moja na jina la mwenyewe kwa maka peni. Jirani akaja kuuliza tunauza nini. Mpishi akalalamika kwamba ndoo yake inapungua. Nikaunda tume. Tume ikadai chai ya karak kwanza, kisha ikagundua kuwa wajumbe wake wote ni watuhumiwa.

Ukituuliza mmoja mmoja, sote tupo Doha kwa muda: huyu anamalizia kupaua nyumba, yule anamlipia mdogo wake ada, mwakani tunarudi. Hata hivyo aliyehamia juzi anatetea rafu yake ya friji kwa kusema "hapa kwetu tangu zamani." Simlaumu. Kazini tunasema "ndiyo, bosi" kutwa nzima. Saa tano usiku, Najma, ndipo mtu anapopata nafasi ya kupinga hoja, na anaipinga hata akiwa anaikubali.

Mwishowe nikaandika barua ya kujiuzulu. Qatar yenyewe ilifuta mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri wake ndipo ahamie kazi nyingine, nikadhani nasi tutakwenda na wakati. Dereva akasimama kwa hoja ya utaratibu: mwenyekiti haondoki bila ridhaa ya wanachama wote wakiwa wamekaa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ikapigwa kura. Hoja ilipita bila kupingwa, na kura yangu ikiwemo, maana nilikuwa nimeinua mkono kuomba kusema.