Wakanda Ipo Manyara

Hapa Babati kijana akipigwa picha lazima apachike mikono kifuani, ngumi zimekazwa, utadhani kazaliwa Wakanda. Filamu ya Black Panther, yenye hiyo nchi ya kubuni ya Wakanda, ilitoka Februari 2018, sehemu kubwa wakaipigia Atlanta, Marekani, na mpaka leo mapozi tunachukua huko. Haya. Wakanda ina madini yasiyopatikana kwingine duniani. Mkoa wetu huu huu, kule Mirerani, una tanzanite. Wakanda imejificha nyuma ya ukuta usioonekana. Wetu, wa kilomita zipatazo 24 kuzunguka machimbo ya tanzanite, ulizinduliwa Aprili mwaka uleule, na hata ng'ombe wanauona. Wale walinzi wa kike wa mfalme, mavazi yao mekundu na shanga yalibuniwa kwa kuwatazama Wamaasai, pamoja na wengine. Mbunifu, Ruth Carter, akabeba Oscar 2019. Mama wa Kimaasai anayetunga shanga pembeni mwa barabara hajabeba hata meza: katandika shuka chini, jua lake, vumbi lake. Usafiri wa Wakanda sitausema. Sisi tuna bodaboda, abiria wawili na gunia la mbaazi katikati. Basi kijana, ukimaliza pozi, mnunulie yule mama bangili moja. Na usiombe apunguze bei.