Mwongozo kwa Mtazamaji Asiye na Hatia, Msimu wa Kombe la Dunia

Ndugu mtazamaji, kama unaamini Kombe la Dunia huanza refa anapopuliza kipenga cha kwanza, karibu, mwongozo huu ni wako. Kwa kituo cha televisheni mashindano huanza miezi mingi kabla ya hapo, na kipenga ni usumbufu mdogo unaokatiza matangazo. Tuanzie pale watakapokukamatia.

Utakutana kwanza na mtoto. Yuko peku, anapiga danadana na mpira wa makaratasi kwenye kiwanja cha vumbi, jua linazama, ngoma zinalia taratibu. Bibi anachungulia dirishani. Mpira unapaa, unazunguka hewani muda mrefu kuliko inavyowezekana, na unaposhuka unatua mguuni kwa nyota wa Ulaya mwenye viatu vya rangi ya waridi. Usimtafute mtoto huyo kwenye orodha ya wachezaji. Hakuitwa kikosini, na kwao hata king'amuzi hakuna. Kazi yake ni kukufanya ujione umemsaliti usipolipia kifurushi.

Nyota naye usimtegemee sana. Matangazo hurekodiwa mapema, na misuli ya binadamu haisomi mikataba ya wadhamini. Novemba 2022 Sadio Mané aliumia zikiwa hazijabaki hata wiki mbili Qatar ifungue pazia, akayakosa mashindano yote. Tangazo lililokwisha kurekodiwa haliendi hospitali pamoja na mhusika.

Kisha unakuja muziki. Lawama hapa ni za BBC, ambao mwaka 1990, mashindano yalipokuwa Italia, walifanya vizuri kupita kiasi: waliichukua sauti ya Luciano Pavarotti akiimba Nessun Dorma, kutoka opera ya Puccini iitwayo Turandot, wakaifungulia vipindi vyao. Watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la opera wakaenda madukani kununua wimbo wa opera. Tangu siku hiyo kila kituo kinataka kukuliza kabla mpira haujachezwa. Afrika Kusini 2010 tulipewa nyimbo mbili kwa mpigo, Waka Waka ya Shakira iliyokuwa wimbo rasmi, na Wavin' Flag ya K'naan iliyobebwa na Coca-Cola. Zote mbili bado zinapigwa kwenye sherehe, kwa hiyo hapo nakubali tulipata faida.

Sasa fungua pochi. Maneno ya kuogopa ni "mechi zote mbashara". Yasikilize mpaka mwisho, maana mwishoni kuna kinyota, chini ya kinyota kuna maandishi ya kusomwa na sisimizi, na humo ndimo mechi zote zinapogeuka kuwa mechi zote kwa aliyelipia kifurushi cha juu. Qatar 2022 zilikuwa timu 32 na mechi 64. Kwa mwaka 2026 FIFA ikapanua: nchi tatu wenyeji, Marekani, Kanada na Mexico, timu 48, mechi 104. Usishangilie hesabu hiyo haraka. Idadi ikikua, ndivyo zinavyopatikana mechi nyingi za kukugawia wewe wa kifurushi cha chini bila mwenye mali kupungukiwa kitu. Halafu kuna suala la saa. Mechi inayoanza New York saa 3 usiku, kwetu Afrika Mashariki ni saa 10 alfajiri. Tangazo litaionesha mechi hiyo ikichezwa mbele ya familia nzima iliyoketi sebuleni imevaa jezi, baba, mama, watoto na shangazi. Saa 10 alfajiri utakuwa wewe na mbu.

Lipia mapema. Siku ya ufunguzi nchi nzima hulipia ndani ya nusu saa moja, na ujumbe wa "malipo yako yanashughulikiwa" hukaa kwenye simu mpaka timu zimemaliza nyimbo za taifa. Na kama unaangalia kwa simu kupitia intaneti, hakikisha jirani mwenye dishi ni mtu mkimya. Picha ya intaneti huchelewa, mara nyingine kwa nusu dakika nzima. Wewe bado uko kwenye kona, mtaa umeshashangilia bao, na kinachofuata kwako ni kuthibitisha tu.

Ukishindwa yote, kibanda umiza kipo. Nje kuna ubao, na kwenye ubao kuna chaki: "LEO MOROCCO NA UFARANSA SAA 4." Kiingilio unampa kijana aliyekaa kwenye ndoo mlangoni. Ndani ni mabenchi ya mbao yaliyobanana mpaka magoti yako yanakuwa mali ya mtu wa mbele. Juu mabati, pembeni feni moja inayozunguka ikijisikia. Runinga ziko mbili, sauti ni moja. Mgeni atadhani mkubwa wa mahali hapo ni mwenye kibanda. Sivyo. Mkubwa ni mwenye rimoti.

Utaujua ukubwa wake siku za mwisho za makundi, mechi mbili za kundi moja zinapochezwa kwa wakati mmoja. Utaratibu huo ulitokana na aibu ya Gijón, Hispania, tarehe 25 Juni 1982. Algeria walikuwa wamecheza mechi yao ya mwisho jana yake, kwa hiyo Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua hesabu yote. Ushindi mwembamba wa Wajerumani ungewavusha wote wawili. Bao likapatikana mapema, na muda wote uliobaki timu mbili zikarudishiana mpira nyuma mpaka refa akawahurumia. Algeria wakaenda nyumbani. Tangu 1986 mechi hizo huanza pamoja. FIFA ilitafuta haki na ikaipata, lakini kule kwetu haki hiyo ilimwongezea mamlaka kijana wa rimoti, ambaye atahamisha sauti dakika ya 88 kwa sababu upande wa pili kuna timu aliyoiwekea mkeka.

Tuje kwa wachambuzi, na hapa vaa mkanda.

Chanzo chao, kwa mtindo tunaoujua, ni ITV ya Uingereza wakati wa fainali za Mexico 1970. Kituo kiliwaketisha studio Malcolm Allison, Derek Dougan, Pat Crerand na Bob McNab, kikawaacha wabishane. Walikuwa na midomo, walikuwa na makoti ya kupendeza, na watazamaji wakahama kuwafuata. Somo ambalo vituo vya dunia vililichukua ni kwamba mabishano ni bei nafuu kuliko mpira. Saa moja ya mechi inauzwa mamilioni ya dola; saa tatu za wanaume wanne kwenye meza ya kioo ni nauli na chai.

Ukiwasikiliza kwa mara ya kwanza utadhani unaelimishwa. Vumilia wiki moja tu. "Mpira una matokeo matatu." "Dakika tisini zitaamua." "Itategemea wameingia na mpango gani." "Tusiwadharau." Mchambuzi aliyeiva huyasema yote manne kabla ya mapumziko ya kwanza ya biashara, mkono ukiwa juu ya kishikwambi ambacho hakigusi. Uzuri wa maneno hayo ni kwamba hayana siku ya kukanushwa. Tarehe 22 Novemba 2022 Argentina iliingia uwanjani ikiwa haijafungwa katika mechi 36, na Saudi Arabia ikaifunga 2-1. Utafikiri studio za dunia zilifungwa kwa maombolezo. Thubutu. Waliokuwa wameeleza kwa nini Argentina haifungiki wakaeleza kwa nini ilikuwa lazima ifungwe, kwa sauti ile ile, na wengine hawakubadilisha hata slaidi. Mwezi haujaisha Argentina ikabeba kombe, nao wakasema waliona dalili tangu mwanzo.

Akimaliza kuchambua, mchambuzi huyo huyo atakusomea odi za kampuni inayodhamini kipindi. Asubuhi yake ndipo utaelewa kwamba lile halikuwa shauri la rafiki.

Kuhusu picha, kuna jambo ambalo kituo chako hakitalitangaza kamwe: picha si zao. Tangu Kombe la Dunia la 2002 Korea Kusini na Japani, mechi hupigwa picha na kampuni ya Uswisi inayoitwa HBS, kwa niaba ya FIFA, na picha hizo hizo zinagawiwa dunia nzima. Anachokiona Mjapani ndicho anachokiona mtu wa Tandika. Kituo kinachojisifu kuwa "nyumba ya soka" ni mpangaji. Kwa hiyo usikipigie simu kulalamika kwamba kamera ilikuwa kwa shabiki anayelia wakati kona inapigwa. Aliyeamua hayuko nchini.

Na mashabiki wanaolia watakuwapo, huo ni mgawo. Julai 8, 2014, Belo Horizonte, Ujerumani ikiichapa Brazil 7-1, dunia nzima ilioneshwa mzee mwenye masharubu na kofia amekumbatia kombe la bandia. Siku hiyo pia ilitoa onyo kubwa juu ya marudio. Kati ya dakika ya 23 na ya 29 Wajerumani walifunga mabao manne. Aliyetoka jikoni na kikombe cha chai akakuta mpira umo wavuni alijiambia ni marudio, akakoroga sukari, akakuta mwingine. Kanuni ni moja: kabla ya kutoa maoni, tazama namba zilizo juu kwenye kona ya kioo.

Ila biashara inaweza kukunyima hata hilo. Juni 12, 2010, Rustenburg, dakika ya 4, Steven Gerrard aliifungia Uingereza dhidi ya Marekani. Waliokuwa wakiangalia kwenye chaneli ya picha ang'avu ya ITV, yaani wale walionunua runinga mpya ili waone vizuri zaidi, walikuwa wanaoneshwa tangazo la gari. Picha iliporudi Waingereza walikuwa tayari wamekumbatiana. Mwenye runinga ya mgongo aliliona bao. Kwa mwaka 2026 FIFA ikatangaza mapumziko ya kunywa maji ya dakika 3 katika kila kipindi, katika kila mechi, hali ya hewa iwe ya joto au ya baridi. Sababu iliyotolewa ni afya za wachezaji. Wao wanywe maji. Wewe utaoneshwa soda.

Kinachobaki, ukiondoa picha za Uswisi, muziki wa kukodi na nyota aliyeumia, ni sauti. Hiyo ndiyo mali pekee ambayo kituo chako kinaweza kusema ni yake, na ndiyo sehemu ambayo mimi hulipia bila kinyongo.

Mgeni atamcheka mtangazaji wa Kiswahili. Atasema: huyu mtu ananiambia mpira umetoka nje, nami nimeuona ukitoka. Ananieleza kipa amevaa njano. Mshambuliaji yuko ndani ya boksi, yeye anamalizia hadithi ya kijiji alichozaliwa beki. Yote ni kweli. Mara nyingi hata uwanjani hayupo. Yuko studio Dar es Salaam, anatazama kioo kama unachokitazama wewe. Lakini mtindo huo una ukoo. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, wote sasa marehemu, walilelewa na redio, ambako usiposema mpira uko wapi basi haupo popote. Waliokuja baada yao wakaurithi utaratibu huo hata walipohamia penye picha.

Na siku moja picha ilikatika kweli. Juni 25, 2008, nusu fainali ya Euro, Ujerumani na Uturuki wako Basel, lakini mitambo ya kurushia dunia iko Vienna, na Vienna kuna radi. Umeme ukayumba, vioo vikazima nchi nyingi kwa dakika kadhaa, zaidi ya mara moja. Mtangazaji wa ZDF, Béla Réthy, ikabidi awasimulie Wajerumani nusu fainali yao kwa mdomo mtupu, na Ulaya ikashangaa. Mtu aliyekulia kwenye redio ya Kiswahili asingeshangaa. Angesema kipa amevaa njano, akaendelea.

Kwa hiyo, mgeni, ukibanwa na nafasi ya kuchagua kati ya vituo viwili vyenye picha ile ile, chagua koo. Usichague studio yenye meza ndefu.

Fainali ikiisha usikae ukingoja shukrani. Kabla kombe halijapoa mkononi mwa nahodha utaoneshwa mtoto peku kwenye kiwanja cha vumbi, safari hii kwa ajili ya ligi. Fainali za AFCON 2027 zimepewa Kenya, Tanzania na Uganda, na hapo ndipo utakapopata bahati ya kuingia uwanjani mwenyewe. Nenda. Ujue tu kwamba kule hakuna marudio, hakuna namba kwenye kona ya kioo, na mtu mrefu atasimama mbele yako bao linapofungwa. Beba redio ndogo.