Kikao cha Makorokoro

Chumba kimoja, Yeoville, Johannesburg, hatua chache kutoka barabara ya Rockey. Zamani kilikuwa sebule ya familia moja. Mwenye nyumba wa sasa amekikata kwa ubao mwembamba usiofika darini, na ubao ulipoishia ametundika pazia la kitenge. Kila nusu inalipiwa kodi ya chumba kizima. Mama mwenye nusu ya huku ni mzaliwa wa Bukavu, anauza makayabu (samaki wa chumvi) na sombe (kisamvu) sokoni. Alfajiri hii, kabla hajatoka, amejisemea kwa sauti: “Leo jioni vitu vitapungua humu.” Mlango umefunguka nusu kama kawaida yake, Mama amepita kiubavu na ndoo kichwani. Hatua zake hazijafika getini, chumba kimechafuka kwa maneno.

KABATI: Utulivu, ndugu wajumbe! Mmoja mmoja! Amesema vitu. Mimi ni fanicha, kwa hiyo nitakuwa mwenyekiti wa kikao.

SHANGAZI KAJA *(mfuko mkubwa wa miraba, zipu imekufa)*: Mzee Kabati, hata marehemu anaweza kuwa fanicha akikaa sana. Nani kamtia Mama maneno haya?

SIMU *(kioo kimepasuka, amelazwa dirishani anachaji)*: Ni mimi, Shangazi. Jana usiku nilimwonyesha mama mmoja wa Japani, Marie Kondo. Ameandika kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, na mwaka 2019 Netflix wakamtengenezea vipindi. Anaingia nyumbani kwa mtu, anapiga magoti sakafuni, anaisalimia nyumba. Kisha kila kitu kinashikwa mkononi, mwenye nacho anajiuliza: hiki kinanipa furaha? Kikimpa, kinabaki. Kisipompa, kinashukuriwa kwa heshima na kwenda zake.

SHANGAZI KAJA: Kinashukuriwa?

SIMU: Kinaambiwa asante kwa utumishi wako.

SHANGAZI KAJA: Hiyo asante naifahamu. Ndiyo wanayopewa mayaya mwezi wa kumi na mbili, na Januari geti halifunguliwi.

DUMU *(la lita ishirini, limejaa)*: Anaanzia wapi huyo mama?

SIMU: Kwenye nguo. Nguo zote za nyumba zinarundikwa kitandani, zionekane wingi wake.

DUMU: Kitandani hapa wanalala watatu. Zikikaa nguo, wao walale wapi?

SIMU: Sakafuni.

DUMU: Sakafuni kuna Friji.

*(Macho yote kwa Friji. Ni mkubwa, mweupe, amesimama nyuma ya mlango. Ndani yake mna mchele, maharage na viatu vya Krismasi.)*

FRIJI: Msinitazame hivyo. Mimi ni mgonjwa, sijafa. Mwaka 2023, mwaka uliovunja rekodi ya mgawo wa umeme nchi hii, moto ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo mpaka kompresa ikazimia. Fundi alinipima, akasema atarudi Jumanne.

KABATI: Jumanne ipi?

FRIJI: Hakuitaja. Lakini ni mtu wa dini.

KABATI: Na wakati ukimngoja unatunza viatu. Hiyo ni kazi yangu, unaifanya bila kibali.

FRIJI: Wewe mwenyewe milango haifungi! Na mgeni akiingia humu anakuona wewe kwanza au mimi? Anasema, “Mama, umejaliwa, una friji.” Hakuna anayenifungua.

MFUKO WA MIFUKO *(ananing'inia msumarini, tumbo limejaa wenzake)*: Tuwe na shukrani jamani. Mimi na wanangu tungekuwa Kigali tungekwisha zamani. Rwanda ilitupiga marufuku mwaka 2008. Kenya ikafuata 2017, na faini inayoweza kufika shilingi milioni nne au miaka minne jela. Tanzania tukafungiwa mpaka tarehe 1 Juni 2019. Huku Afrika Kusini tangu 2003 tunalipiwa ushuru tu, basi. Mimi ni mkimbizi wa kisheria. Mkinifukuza nitakwenda wapi?

MENDE *(kutoka nyuma ya Kabati)*: Usitishike, mama. Mimi nawatetea nyote. Kila mmoja wenu ana thamani, hasa kwa upande wa nyuma.

KABATI: Nani kakualika?

MENDE: Mzee, ukoo wangu uko mgongoni mwako tangu kabla hujapakwa rangi ya pili. Na katika kikao hiki ni mimi peke yangu ninayeishi kama anavyohubiri huyo mama wa Japani. Sina soksi, sina sufuria, sina deni. Lakini simlazimishi mtu.

*(Hapa niseme mapema kwamba Mende ndiye pekee aliyetetea mlundikano wa chumba kile bila masharti yoyote. Msomaji apime.)*

KABATI: Nami niseme neno la historia. Kitongoji hiki kilianzishwa mwaka 1890 na bwana aliyeitwa Thomas Yeo Sherwell, aliyeuza viwanja kwa kusifia hewa safi ya kilimani. Mimi nililetwa na familia ya Kiyahudi yenye asili ya Lithuania, enzi ambazo mtaa ulijaa watu kama hao. Nao walikuja na masanduku wasiyoyafungua. Wakaja wanafunzi, wakaja wanamuziki, wakaja Wakongo, Wazimbabwe, Wanaijeria, Watanzania. Kila aliyeniwekea nguo alisema hapa anapita tu. Mtu anayepita hanunui kabati la ukutani, ananunua mfuko. Ndiyo maana sakafu imejaa.

SHANGAZI KAJA: Unanisema mimi.

KABATI: Nakusema wewe kwa heshima.

SHANGAZI KAJA: Basi nijibu kwa heshima. Ndugu zangu walikuwa Lagos Januari 1983, serikali ya Nigeria ilipowapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke. Waghana kwa mamia ya maelfu walifungasha maisha yao humohumo, na mpaka leo Wanaijeria wanatuita kwa jina la safari ile. Mimi mwenyewe nilinunuliwa Kariakoo. Nikashikwa vizuri Tunduma, nikavuka Zambia, nikapigwa jua Chirundu, nikapekuliwa mpakani Beitbridge. Mei 2008, vurugu zilipoanzia Alexandra na watu 62 kuuawa, Mama alinijaza maji ya moto hayajachemka. Tukalala kanisani. Sasa nishikwe mkononi niulizwe kama natoa furaha? Sijawahi kutoa furaha hata siku moja. Kazi yangu ni kuwa karibu.

*(Kimya. Simu anatoa mlio mdogo: nafasi ya kuhifadhi imejaa.)*

DUMU: Hee! Mhubiri naye amejaa?

SIMU: Ni picha tu. Na sauti za WhatsApp. Na video ya harusi ya Lubumbashi niliyotumiwa na watu saba.

DUMU: Zinakupa furaha?

SIMU: Tuendelee na ajenda.

TAA YA KUCHAJI: Ajenda ni mimi, najua. Mama alinishika jana akasema, “Hii taa siku hizi ya nini?” Tarehe 26 Machi 2024 mgawo ulisimama, watu wakacheza, mimi nikatupwa chini ya kitanda pamoja na mishumaa. Nikakaa miezi kumi bila salamu. Tarehe 31 Januari 2025 giza likarudi jioni jioni. Mkaniita kwa jina langu lote.

DUMU: Na mimi je? Nyoosheni shingo dirishani. Mnara wa maji wa Yeoville mnauona, uko juu ya kilima miaka zaidi ya mia, wapiga picha wanaupenda. Sasa fungueni bomba. Bomba linakohoa. Watu wa nyumba kubwa kule kaskazini wanaweza kukaa na vitu vichache kwa sababu tangi lao liko nje, stoo yao ni supamaketi, na gari lipo la kuifuata. Mama stoo yake ni mimi.

SIMU: Kuna jambo jingine, naogopa kulisema. Kuhusu karatasi, kanuni ya Kondo ni kwamba tupa zote.

*(Bati la biskuti, lililokuwa kimya juu ya Kabati, linatikisika na nusura lianguke. Ndani halina biskuti tangu siku ya kwanza.)*

BATI: Zote?

SIMU: Kanuni ndiyo inavyosema. Zote, isipokuwa chache.

BATI: Humu kuna karatasi ya hifadhi ya Mama, na nakala yake, na nakala ya nakala, na risiti ya kila mwaka aliokwenda kupanga foleni Pretoria tangu usiku. Kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichoandikwa kwa mkono. Kuna kadi ya chanjo. Polisi wakimsimamisha Mama barabarani Rockey, hawamwulizi kama ana furaha. Huyo mama wa Japani namheshimu, lakini pasipoti yake inapokewa kwa tabasamu karibu popote. Akija Beitbridge na mkono mtupu ndipo tutazungumza.

SIMU: Mwenyewe amelegeza. Mwaka 2023 alikiri kwamba tangu apate mtoto wa tatu nyumba yake haijapangika kama zamani.

MFUKO WA MIFUKO: Alhamdulillahi. Mtoto wa tatu kamsilimisha.

*(Kicheko. Kutoka uvunguni sauti nzito ya chuma inakohoa.)*

SINKI: Samahanini. Mimi sijapewa nafasi ya kujitambulisha. Ni sinki la jikoni, pua, beseni mbili.

KABATI: La jikoni lipi? Jiko hapa ni la ushirika, liko koridoni.

SINKI: La nyumba ya Bukavu. Mama alinipata kwa bei nzuri Jeppe, pamoja na vitasa sita vya milango. Wenzangu wako kwenye boksi.

FRIJI: Nyumba imefika wapi?

SINKI: Msingi umekwisha. Ukuta ulikuwa uanze, kisha Februari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji. Sasa kaka yake Mama anasema tusubiri.

*(Hakuna aliyecheka. Hata Friji, mzoefu wa kusubiri, aliinamisha kichwa kwa kadiri friji linavyoweza.)*

PAZIA: Mmemaliza?

*(Wote wanageuka. Pazia huwa hasemi. Anasikia maneno ya pande mbili za chumba na hajawahi kuyavusha.)*

PAZIA: Mimi sina hoja ya furaha. Nina hoja ya njia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso liliungua Marshalltown, kona ya Albert na Delvers, safari fupi ya teksi kutoka hapa. Walikufa watu zaidi ya 70: Wamalawi, Watanzania, Waafrika Kusini wenyewe, na watoto. Jengo ni mali ya jiji. Enzi za ubaguzi watu weusi walifuata pasi humohumo. Ndani palikatwakatwa vyumba kwa mbao na mapazia, kama hapa. Walionusurika walisema geti la kutokea lilikuwa limefungwa. Watu waliruka madirishani. Iliundwa tume chini ya Jaji Sisi Khampepe kuchunguza. Mimi ni kitambaa, najua ninavyoshika moto. Sasa niambieni: usiku, moshi umejaa, taa hakuna, mtoto mkononi, Mama anatoka vipi kwenye mlango unaofunguka nusu?

*(Kimya kirefu.)*

FRIJI: Mbona mnanitazama mimi? Ubao alioupiga mwenye nyumba hamuutazami?

KABATI: Hilo kweli. Kwa kupunguza, mwenye nyumba ni bingwa, huyo mama wa Japani akasome kwake. Bafu mbili amepunguza ikabaki moja. Madirisha kapunguza. Sebule kaipunguza mpaka imekuwa vyumba viwili. Kodi peke yake ndiyo imemshinda.

PAZIA: Mwenye nyumba hayumo kikaoni. Friji yumo.

FRIJI: Na fundi je?

SHANGAZI KAJA *(kwa upole)*: Baba, fundi hana hata namba yako. Alipiga simu ya jirani.

SIMU: Ni kweli. Sina jina lake.

FRIJI: Watasemaje wageni?

SHANGAZI KAJA: Watasema wamepita vizuri.

MENDE: Napinga! Nyuma ya Friji kuna familia changa!

KABATI: Pingamizi limeandikwa. Wangapi wanaafiki Friji aondoke, Shangazi ahamie ndani yangu, nami nisogezwe mpaka pembeni?

*(Mikono ingekuwepo ingeinuliwa. Sinki aliomba ihifadhiwe kwenye kumbukumbu kwamba yeye hakupiga kura, maana makazi yake rasmi ni Bukavu.)*

Jioni Mama alirudi na vijana wawili wa chuma chakavu na toroli lao, lile linaloteremka barabarani kwa kasi ya gari. Kumbe video ya Kondo hakuimaliza, alilala katikati. Jambo lililomwamsha lilikuwa mwanawe mdogo, aliyekwenda chooni gizani akajigonga kwenye kona ya Friji, akalia. Mchele ukahamia kwenye ndoo yenye mfuniko, viatu vikaenda kwa Kabati, naye Friji akatolewa miguu mbele kwa bei ambayo Mama aliitukana kwanza, kisha akaipokea.

Taa ilibaki, Dumu alibaki, Bati hakuguswa. Sinki lilifutwa vumbi likarudishwa uvunguni. Mifuko ilipungua kwa nusu, na usiku huohuo ikaongezeka tena kwa mitatu.

Mlango ulifunguka mpaka ukagusa ukuta. Saa moja baadaye jirani wa upande wa pili wa Pazia aliomba kuweka masanduku yake mawili pale, “kwa wiki moja tu.” Mama akakataa. Kisha akapita mwenye nyumba, akachungulia, akapima kwa hatua za miguu ile nafasi nyuma ya mlango, akauliza kama godoro la mtu mmoja lingeenea. Kuna kijana katoka Lubumbashi anatafuta pa kulala, na kodi wangegawana.

Mama akamwambia hapo ni pa kupita watu, na akitaka kuweka mtu, aanze kwa kuutoa ubao.