Muulize Tairi Alizaliwa Lini

Kama umenunua Subaru Impreza STI, pesa zote zikaishia kwenye bomba la moshi na spoila, na sasa unatafuta "matairi yoyote, mradi yaenee kwenye rimu", nakuomba uegeshe kwanza. Mlio wa bomba haujawahi kufunga breki. Farasi wapatao 280 wa zile STI zilizotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 huigusa barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja.

Ukifika dukani, uwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, usianze na bei. Inama usome ubavu wa tairi. Kwenye 225/45R17 91W, upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17, tairi moja linabeba hadi kilo 615, na W inaruhusu mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Muuzaji akikwambia hiyo 91W ni mapambo, mshukuru, muage, uvuke barabara.

Kisha tafuta herufi DOT, ufuate mstari hadi tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Joto na hewa huukausha, nayo dawa ya kung'arisha huficha nyufa bila kuziponya. Mwaka 2013 mwigizaji Paul Walker alifariki California ndani ya Porsche Carrera GT iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo mkali, ila walitaja pia kwamba matairi yake yalikuwa na umri wa miaka 9. Tairi lililopita miaka 6 mwachie muuzaji wake, hata kama meno yote bado yapo.

Mwenye Subaru ana deni la ziada. Injini inasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo Subaru hutaka mizingo ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Azima tepu ya fundi cherehani, zungushia kila tairi, upime. Mapya mawili mbele na vipara viwili nyuma ni nafuu hadi siku difu ya kati itakapoanza kuunguruma. Nunua manne, ya aina moja.

Usinunue ya mashindano kwa ajili ya foleni ya Ubungo. Angalia namba iliyo karibu na neno TREADWEAR: la 200 kwa kawaida hushika vizuri na kuisha haraka, la 500 hudumu. Kwa gari la kila siku, mifereji mirefu ya kutolea maji wakati wa masika ina faida kuliko ulaini wa mpira. Na rimu za inchi 19 ziache: ubavu ukiwa mwembamba, shimo moja tu linapinda rimu.

Matairi ya zamani yakiwa yameliwa upande wa ndani, fanya alaimenti kabla ya kufunga mapya. Jaza upepo kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kilomita 150 za kwanza nenda polepole, hasa mvua ikinyesha, kwa sababu mpira mpya hutoka kiwandani ukiwa bado unateleza.