Rambirambi za Barb

Huku kwetu Katoro ukitaka ugomvi wa usiku kucha, usitaje siasa wala Simba na Yanga. Ingia kibanda umiza wakati wanaangalia tamthilia ya Stranger Things, kisha uliza kwa sauti ya upole: hivi Barb alitendewa haki?

Barb ni yule binti wa miwani mikubwa, rafiki wa Nancy, kwenye sizoni ya kwanza iliyotoka Julai 2016. Nancy kapanda juu na mvulana wake, Barb kaachwa peke yake kando ya bwawa la kuogelea, mkono unavuja damu. Zimwi likamvuta, likazama naye. Gari lake likakutwa stendi ya mabasi, wakubwa wakasema katoroka, muvi ikasonga mbele.

Kibandani kwetu mwenye kibanda ndiye anayeshika maiki na kututafsiria. Kwa ajili ya ile miwani, alimwita Barb "Madamu", na kuanzia hapo kila mtu akamheshimu. Wenzangu wa kwenye benchi ni wachimbaji wadogo, na zimwi haliwatishi. Wao wanauliza ya kazini: kule chini nani kapiga timba? Hewa inaingilia wapi?

Ilipofika pale mkuu wa polisi, Hopper, anaichana maiti ya Will, yule kijana aliyepotea, na kukuta ni bandia, tumbo limejazwa pamba, mzee mmoja wa Kisukuma aliyelima pamba maisha yake yote alisimama mbele ya skrini. "Ng'wanawane, rudisha nyuma kidogo," akaagiza. Ikarudishwa. Akaikagua. "Hii ni gredi ya kwanza. Wanaishindilia kwenye maiti ya uongo, na sisi bei yetu ni ileile!"

Hapohapo umeme ukakatika.

Jenereta lilipowaka, hasira zilikuwa zimehama kutoka kwenye pamba kwenda kwa Madamu. Will kapotea, mji mzima umeingia porini na tochi, mama yake kajaza nyumba taa za rangi ili aongee naye, Hopper mwenyewe kashuka kumtoa. Barb je? Mama yake kapigiwa simu, basi. Kosa lake ni kuwa rafiki wa stelingi badala ya stelingi.

Hilo usiwaambie watu wa huku. Oktoba 2015, duara, yaani shimo la machimbo, liliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama. Wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41, chakula chao kikiwa mende na vyura. Hakuna aliyeuliza kwanza nani kati yao ndiye stelingi. Wenzao walisikia sauti, wakachimba.

Sizoni ya pili, Oktoba 2017, ikajaribu kulipa deni. Wazazi wa Barb wanauza nyumba ili wamlipe mpelelezi. Hapo kibanda kizima kilitulia, maana huku watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya duara ambalo hadi leo halijatoa hata punje. Nancy naye akaanza kuwaumbua wale wa maabara walioficha kifo chake. Tukajiandaa kwa mazishi.

Flashi ikaisha. Aliyetuingizia muvi alisema nafasi ilijaa, akaacha epsodi ya mwisho ili atuwekee nyimbo za bure.

Kijana mmoja akasema marehemu haachwi hivihivi, akazungusha kofia. Watu wakatoa rambirambi kweli, mia mbili, mia tano. Mwenye kibanda akazipokea kwa unyenyekevu, akazinunulia petroli ya jenereta, "ili Madamu asikae gizani."

Epsodi ilipopatikana, nilijaribu kuwatetea waandishi. Nikasema: kazikwa kwa heshima, wazazi wameacha kusubiri, na Shannon Purser aliyemwigiza aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mwaka 2017 kwa kuonekana muda mfupi tu. Jirani yangu wa benchi akanitazama kama mtu aliyeleta mchanga kwenye karasha akidai ni mawe. "Kaka, kuzikwa kila mtu atazikwa. Huyu tulitaka atafutwe."

Sikupata jibu, na hadi sasa silitafuti. Ndugu Duffer, watunzi wa hicho kitu, wakipita Katoro watakaribishwa chai na chapati. Ila watavalishwa helmeti na kukabidhiwa kamba, wajifunze kumshushia mtu ambaye si stelingi.